Karibuni Wote

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kufua, Pelagia alipima begi lake. Alipanda kwenye mizani ya bafuni mikono mitupu, akaikariri namba, akapanda tena akiwa amelikumbatia begi, akatoa. Lilikuwa na kilo ishirini na tatu, na lilikuwa na kilo hizohizo tangu mwaka 2017. Ndani mlikuwa na sweta mbili nzito, viatu vya theluji alivyonunua mwezi wa saba wakati mji wote wa Carrollton, Texas, unachemka, doti mbili za khanga, na karanga za kukaanga zenye chumvi, ambazo alizila na kununua nyingine kila baada ya miezi miwili ili zisiharibike.

Ratiba aliibandika kwenye friji. Ndege kutoka Dallas hadi Geneva. Treni kubwa kandokando ya ziwa. Treni ndogo ya kupanda bondeni. Basi la njano. Halafu mguu, dakika ishirini, kwa sababu kijiji chenyewe kilikuwa juu kabisa kwenye milima ya Alpi na wakati wa baridi hakuna gari lililofika. Kijiji kilikuwa na watu arobaini na mmoja, ng'ombe zaidi ya hao, kanisa lenye kengele moja, na Sista Clothilde. Sista ndiye aliyekuwa safari yenyewe. Milima Pelagia alikuwa ameshaiona kwao, na haikuwa imemkaa rohoni kihivyo.

Sista Clothilde aliendesha zahanati ya misheni moja huko milimani Ulanga kwa miaka arobaini. Siku mama yake Pelagia alipofariki kwa uzazi, Sista alimfunga mtoto kwa shuka la wodini, akangoja ndugu wajitokeze. Hawakujitokeza, basi akaendelea kumshika. Kiswahili alikijua, tena kizuri, ila mambo mawili yaligoma kabisa kumwingia. La kwanza ni shikamoo. Yeye aliwaamkia watoto. Mama mzima, tena mtawa, anapita uwanjani asubuhi akiwapa shikamoo watoto wa chekechea, nao kwa adabu zao zote wanaitikia marahaba. Pelagia, akiwa na miaka minne, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia kila siku, na kwa sauti kuliko wenzake.

La pili ni karibu. Ukimpita mtu anakula atakuambia karibu, nawe utasema ahsante na kushika njia yako. Hilo halifundishwi, mtu analikuta. Sista alikuwa anakaa. Akisikia karibu, ananawa. Ziko nyumba zilizojizoesha kusonga ugali wa ziada siku za zamu yake ya kutembelea wagonjwa. Hakuna aliyemwambia, maana ungeanzaje kumwambia.

Alipozeeka shirika lilimrudisha kwao mlimani, kwa mpwa wake Émile, mwenye nyumba ndogo ya wageni. Pelagia wakati huo alikuwa ameshafika Texas kusoma uuguzi, visa ikaisha, na wakili akamfungulia faili la kuomba kubaki. Faili lilikuwa limekaa ofisi ya uhamiaji mwaka wa sita. Kibali cha kazi alikuwa nacho, na siku tano kwa wiki aliwaogesha wazee wa watu wengine katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwageuza vile Sista alivyomfundisha, bega kwanza halafu nyonga. Kutoka nje ya nchi ndiko hakukuwezekana. Ukitoka bila barua ya ruhusa, faili linajifunga lenyewe nyuma yako. Barua hiyo alikuwa ameiomba mara mbili.

Novemba 2019 Émile aliandika kwamba shangazi yake ameanguka na kuvunjika nyonga, na daktari wa bondeni amesema Krismasi hataiona.

Pelagia alimpigia Lydiah, Mkenya aliyekuwa akifanya naye kazi kabla hajahamia Missouri City, kusini ya Houston. Ndiye mtu pekee ambaye Pelagia alimpigia bila kuangalia kwanza saa.

"Si uende tu?" Lydiah alisema. "Wengine huenda."

"Nikienda sirudi. Na Glory yumo kwenye faili hilohilo. Likifungwa kwangu, na kwake limefungwa."

Glory alikuwa binti yake, mwaka wa pili chuoni Houston. Alipiga simu kila Jumapili, kwa Kiingereza, dakika saba.

"Basi mwandikie," alisema Lydiah. "Mwambie vile uko."

Pelagia akaandika, kwa Kiswahili, ili Émile amsomee shangazi yake kwa sauti bila kuelewa. Aliandika kuhusu kazi, kuhusu Glory, kuhusu barua isiyokuja. Mwishoni, kwa kuwa barua haiwezi kukatika tu kama kamba, alimalizia vile watu wa kwao wanavyomalizia: Nanyi karibuni sana kwetu Carrollton. Karibuni wote.

"Umewaandikia wazungu karibuni?" Lydiah alimuuliza alipoambiwa. "Hao watakuja, nakwambia. Mzungu ukimwambia karibu anabeba suitcase."

Theluji ilianguka Jumatatu, kwenye kibaraza cha Pelagia peke yake. Nje palikuwa na joto la kutosha kuwasha feni. Aliizoa kwa sufuria, akamwagia maua ya jirani, akaenda kazini. Jumanne alikuta ng'ombe watatu wa kahawia wenye kengele shingoni wakila majani kandokando ya bwawa la kuogelea. Jumatano basi la njano lilisimama mahali pa kushushia wanafunzi, likashusha kina mama wawili wenye vikapu, likaondoka kwa wakati. Kufikia Alhamisi mlima wote ulikuwa umekaa nyuma ya maegesho ya magari, kuanzia mapipa ya taka kwenda juu, na nyumba zake za mbao, na kanisa, na moshi.

Meneja wa nyumba hizo za kupanga alibandika notisi kwenye milango yote. Wapangaji wanakumbushwa kwamba mifugo hairuhusiwi ndani ya uzio wa bwawa, na kwamba kwa sababu ya kivuli cha mlima nguo sasa zitachelewa kukauka vibarazani.

Ijumaa saa kumi jioni, Pelagia akiwa ndio kwanza ameketi na sahani ya wali na mchicha, Émile aligonga. Alikuwa mtu mrefu mwenye mikono mikubwa ya kukamulia, na alibeba gurudumu zima la jibini.

"Karibu," Pelagia alisema, sahani ikiwa mkononi. Ulimi wake ulishatangulia.

Émile alinawa, akakaa, akala nusu ya wali. Kiswahili chake alikuwa amefundishwa na shangazi yake wiki ileile, kwa ajili ya safari, makosa na yote.

"Shangazi alisema tumealikwa," alieleza. "Sisi tuliuliza, wote? Akasema imeandikwa wote. Alisema kwenu mtu akiambiwa karibu, anakwenda. Usipokwenda unamuumiza."

Pelagia aliangalia sahani. Alimwona Sista amekaa mkekani kwa watu, ananawa kwa furaha, miaka arobaini, akiogopa kuwaumiza.

"Yeye yuko wapi?"

"Juu. Nyumba ya mwisho, yenye dirisha la kijani. Hawezi kushuka, njia ni kali. Lakini ni dakika ishirini tu. Anakungoja wewe."

Dirisha la kijani lilionekana kutoka jikoni kwake. Pelagia hakumalizia chakula. Alivaa viatu vya theluji, akavaa sweta zote mbili, akachukua khanga na karanga, akashuka ngazi. Njia ilianzia kati ya chumba cha kufulia na mapipa, na hapo ilipoanzia palikuwa na kibanda chenye kidirisha, na ndani ya kidirisha ofisa mwenye sare, kijana mpole aliyekuwa akinywa kahawa kwenye kikombe cha karatasi. Alikipokea kitambulisho cha Pelagia, akakiingiza kwenye kompyuta, akasoma.

"Kupanda ni sawa," alisema. "Kushuka sitaweza kukuruhusu."

"Naishi pale. Ule mlango wa buluu."

Ofisa aligeuka akautazama mlango wa buluu, akakubali kwamba ni mlango wa buluu. "Una barua ya ruhusa?"

Hakuwa nayo. Akiwa palepale, miguu ikianza kutoa jasho ndani ya viatu, alimpigia wakili Onyancha ofisini kwake Houston.

"Dada Pelagia," wakili alisema baada ya kusikiliza mpaka mwisho, "mimi siangalii mlima, naangalia makaratasi. Border ikikufuata hadi kwa parking, bado ni border. Ukipanda, ume-abandon kesi. Yako na ya msichana."

"Ni dakika ishirini, wakili. Anakufa."

"Pole sana, dada. Nita-file ombi tena, ya dharura. Niletee picha ya huyo mgonjwa na barua ya daktari."

Pelagia alirudi ndani, akakaa kitandani na viatu vyake. Ilimuuma mpaka akashindwa kuinama kuvivua. Siku tatu zilizofuata alienda kazini, akageuza wazee, bega kwanza halafu nyonga, akarudi na kusimama jikoni. Dirisha la kijani lilifunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Yeye alifungua na kufunga lake saa hizohizo.

Jumanne Lydiah alipanda barabara ya 45 kutoka Missouri City, saa nne na nusu kwenye usukani, na chapati kwenye kiti cha mbele. Aliegesha karibu na ng'ombe.

"Hii mlima imekula parking yote," alisema. Pasi yake ilikuwa ya buluu, ya Kimarekani. Alichukua khanga na karanga, akavaa viatu vya Pelagia vilivyombana, akamwonyesha ofisa pasi, akapanda huku amejishika kiuno. Pelagia alimfuata kwa macho mpaka akawa kitone, kitone kikaingia mlangoni.

Alishuka baada ya saa moja na nusu, theluji magotini.

"Nimemweka vizuri," alisema. "Walikuwa wamemlaza vibaya, nimemgeuza. Amejifunika leso yako, hiyo khanga. Karanga hawezi kutafuna lakini amezishika." Akaanza kuvua viatu. "Lakini Pela, kuna kitu sijaelewa. Nilipoingia aliniambia shikamoo. Mimi nikashtuka, huyo ni cucu, nyanya mzima. Nikamwambia shikamoo pia. Akaniangalia tu. Akarudia. Nikamwambia niko sawa, na yeye? Akarudia tena. Ni kama kuna kitu alikuwa anangoja."

Pelagia alishuka ngazi kwa kandambili hadi kwenye kibanda.

"Sauti inaruhusiwa kupanda?" alimuuliza ofisa.

Ofisa alitoa kitabu cha kanuni, akatafuta kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri kazi ilivyomruhusu. "Sauti haijatajwa," alisema mwishowe.

Pelagia alisimama kwenye mstari wa njano uliochorwa lami ilipokutana na theluji, vidole vya miguu juu ya mstari na si zaidi. Ilikuwa saa tisa mchana. Watoto walikuwa wametoka shule, na mtu mmoja alikuwa akitupa maboksi kwenye mapipa.

"Marahaba!" aliita.

Mlima ulilichukua neno, ukalipokezana, marahaba, marahaba, nyumba kwa nyumba hadi ya mwisho. Aliita tena, kwa sauti ya mtoto wa chekechea anayetaka kuwashinda wenzake. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa. Aliita mara ya tatu, na kule juu mkono ukatokea kwenye dirisha la kijani, umeshika pindo la khanga, ukakaa hapo nje kidogo, ukarudi ndani.

Kengele ya kanisa iligonga kesho yake asubuhi, wakati Pelagia akitafuta funguo za gari. Alihesabu mapigo, yakapita idadi ya saa, yakaendelea. Alipiga simu kazini akasema amefiwa na mama yake. Lydiah alikuwa ameondoka alfajiri. Glory alipopigiwa alisema, "Oh, Mama, I'm so sorry, I'm walking into class," na sauti yake ilitetemeka kweli, lakini alikuwa anaingia darasani. Pelagia alikaa jikoni peke yake na kufungua dirisha.

Mazishi aliyatazama hapohapo. Watu arobaini walitembea mstari mmoja kwenye theluji, na sanduku jembamba mbele. Makaburini waliliweka chini, na Émile akashuka njia yote hadi kwenye kibanda, amevaa suti, akasimama upande wake wa mstari wa njano. Pelagia alishuka akasimama upande wa pili.

"Tunakungoja," Émile alisema. "Udongo wa kwanza ni wa mtoto wake. Karibu."

Pelagia alitazama mlango wa buluu, kisha njia.

"Ahsante," alisema.

Émile alingoja, kwa sababu alijua mtu akiambiwa karibu anakwenda. Aligeuka kupanda baada ya muda mrefu, na Pelagia aliona kwamba alikuwa amemuumiza.

Mlima haukuondoka. Mwaka 2020 dunia nzima ilizuiwa kusafiri na watu wakalalamika sana kwenye televisheni. Pelagia aliendelea kwenda kazini, sasa na barakoa. Ofisi ilijibu ombi la dharura mwezi wa tano, ikitaka uthibitisho mpya kwamba mgonjwa bado ni mgonjwa. Wakili Onyancha alisema wataomba upya, kwa sababu nyingine. Meneja aliongeza saa za chumba cha kufulia.

Kila Jumamosi Pelagia alipima begi. Lilikuwa na kilo ishirini na moja, kisha akanunua karanga. Akimaliza alisimama jikoni kuangalia kaburi, ambalo Émile alilipalilia vizuri, na asubuhi hiyohiyo Émile alishuka na maziwa ya wapangaji. Aliyaacha kwenye mstari wa njano, akainua macho kwenye dirisha lake, na akasema lile neno, kila wiki, kama mtu aliye mezani akimwona jirani yake anapita.

"Karibu."

"Ahsante," Pelagia aliitikia, naye Émile akashika njia yake.