Mkate Uliorudi kwa Mama

Alhamisi, tarehe 8 Februari 1979. Tangu alfajiri manyunyu ya baridi yalikuwa yakiangukia mji wa Fes, Moroko, na ukungu umejilaza mtoni kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka.

Zhor alisema bismillahi, akasukuma kuni za mzeituni ndani ya tanuri. Baridi kama ile huwapa watu njaa, na Maulidi nayo ilikuwa imebisha hodi. Mbao za mikate mibichi zilijaa hadi mlangoni. Kila nyumba ya mtaa hukanda unga wake, ikautia alama yake, ikauleta uokwe: huyu matundu ya uma, yule mkato wa kisu, mwingine kidole gumba katikati. Mbao huchanganyika, alama haibadiliki.

Kazi ilikuwa ya mumewe, Larbi, lakini mgongo wake ulikuwa umegoma, naye Zhor akashika beleshi la mti. Wengine walinong'ona kwamba tanuri si mahali pa mwanamke. Mwenye tanuri, aliyeitwa Si Mfaddal, yaani Bwana Mfaddal, alisema wazi: "Ukifika Ijumaa pasipo nyumba kukosa mkate wake, kazi ni yako. Nyumba moja ikilalamika, naita mtu mwingine."

Kesho ndiyo Ijumaa. Zhor hakubabaika. Alikuwa amesimama kando ya mumewe mbele ya moto ule tangu ujana wake. Mungu alimpa macho na mikono. Mengine alimwachia Yeye.

Adhuhuri ilipokaribia, Allal mchukuzi alikuwa amekwisha kusambaza mikate, na Si Mfaddal amesimama mlangoni na kina mama wachache wakingoja zamu ya pili. Lalla Batoul, bibi wa heshima mtaani, akaingia kwa kishindo, mkaza mwanawe Ghita akimfuata nyuma.

"Zhor! Mkate wangu uko wapi? Nina wageni kutoka Meknes wanatazama mchuzi kama watu wa msibani!"

"Karibu, Lalla."

"Sijaja kukaribishwa! Leo bi harusi wetu amekanda kwa mara ya kwanza, akauleta hapa kwa mikono yake, na wewe umeumeza!"

"Angeumeza angenenepa," alisema Allal. "Mtazame alivyo."

"Nyamaza wewe, punda wa mbao!"

Zhor alimtazama Ghita. Msichana alikuwa amekwajuka, vidole vinachezea ncha ya shela. Ndipo Zhor akakumbuka: asubuhi ile, katika msongamano, mikate yenye mkato mmoja na matundu pande mbili ilikuwa mingi kuliko kawaida. Alama ile ilikuwa ya Hajja Tamou wa kichochoro cha chini, mamake Ghita. Zhor alidhani Hajja naye ana wageni, akaituma yote kwake. Kumbe mikono ya binti ilifanya ilivyozoea tangu utotoni.

Na mtaa ule ungesemaje? Bi harusi ambaye mkate wake wa kwanza una alama ya kwao, moyo wake haujahama. Maneno hayo yangemfuata hadi uzeeni.

Akisema, amemwaibisha mtoto wa watu. Akinyamaza, tanuri limekwenda. Na kusema uongo hakuweza. Udhu wa adhuhuri ulikuwa bado mbichi mikononi. Ya Rabi, nishike ulimi, aliomba.

"Lalla, mkate wako haujapotea," alisema. "Nimeupeleka nyumba nyingine, na naijua. Allal, shuka kichochoro cha chini, ulikopeleka mikate mingi, ukaulete."

Allal akatoka mbio.

Si Mfaddal akakohoa. "Zhor, umesikia ulichosema?"

"Nimesikia. Ila nipishe kidogo, mkate wako unataka kuungua." Akaingiza beleshi, akautoa, umeiva vizuri, akampa.

"Si yeye!" Sauti ya Ghita ilipasuka. "Ni mimi. Nimetia alama ya kwetu... ya kwa mama. Mkono ulikwenda wenyewe. Yeye alisoma alichokiona."

Kuni zililia motoni. Mama mmoja akaziba mdomo kwa kiganja cha mkono wake.

Lalla Batoul akamgeukia mkaza mwana. "Na alama yetu, unaijua?"

"Hapana, Lalla."

"Nani alikuonyesha?"

"Hakuna."

Mama mkwe akavuta pumzi ndefu. "Basi jambo hili ni langu. Nimekukabidhi unga, sikukukabidhi alama." Akamshika mkono, akakibonyeza kidole gumba chake hewani. "Hivi. Mara mbili, pembeni. Umeona?"

"Nimeona, mama."

Allal akarudi anahema, ubao kichwani. "Hajja anasalimu! Anasema aliijua mikono ya mwanawe, akashindwa kujizuia, ameshakula mmoja."

"Mwizi yule!" alisema Batoul, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia; wote wakacheka, hata Ghita katikati ya machozi.

Batoul akamkabili Si Mfaddal. "Mimi ndiye niliyelalamika, na lalamiko nimelifuta. Mkate ulifika ulikoelekezwa. Na huyu angeweza kumtupa mwanangu motoni ili ajiokoe, asimtupe. Wewe unasemaje? Sema watu wasikie."

Si Mfaddal akautazama mkate wake, kisha akina mama, kisha Zhor aliyekwisha kuugeukia moto.

"Shuhudieni nyote," alisema. "Maadamu niko hai na Zhor ana nguvu, inshallah, tanuri hili halitashikwa na mwingine bila idhini yake."