Sala ya Januari

Ukiniuliza Wilkister alikuwa mvivu au amechoka, nitakwambia amechoka, ila uvivu nao ulishapata pa kukaa. Miaka minne alikuwa akimtunza Bi Masouda, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, katika nyumba moja ya mtaa wa Hail, hukohuko Omani. Kila siku, saa tisa alasiri ilikuwa zamu yake ya maombi. Wanawake wa Kikenya wa ushirika wao walikuwa wamegawana saa. Kila mmoja, saa yake ikifika, anajirekodi akiomba na kuituma sauti kwenye kundi la WhatsApp.

Januari Wilkister aliomba sala moja ya kutoa machozi, yenye majina ya watu wake wote. Februari moyo ulikauka. Alipiga magoti, maneno yasije. Akaituma tena ile ya Januari, na wenzake wakamjibu, "Umetujenga, dada!" Basi akaona njia ndiyo hiyo. Mpaka Julai alikuwa akituma ileile, na hata aibu ilishamtoka.

Siku moja mwezi huo alikuwa jikoni akikaanga samaki, Bi Masouda alipomwita kutoka sebuleni.

"Wilkista, nani huyo anaomba dua chumbani kwako? Nnamsikia toka adhuhuri."

"Hakuna mtu, Bibi."

"Yupo. Na kachoka, maskini. Mpelekee maji."

Wilkister alizima jiko. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni, kimya. Alipoufikia mlango wa chumba chake, alitega sikio. Sauti iliyokuwa ndani ilikuwa yake mwenyewe. Ilikuwa ikiomba sala ya Januari neno kwa neno, lakini bila machozi, ikikwaruza kama ya mtu aliyefanyishwa kazi miezi bila siku ya kupumzika. Ilimtaja baba yake. Ikamtaja dada yake. Kisha ikasema, "Bwana, umkumbuke mwanangu," ikakwama.

"Mwanangu nani?" sauti ikauliza.

Alifungua mlango. Chumba kilikuwa kitupu, kitanda kimetandikwa, AC inanguruma.

"Nani?" ikauliza tena, karibu kabisa na sikio lake.

Akafungua mdomo ajibu, na jina halikuwepo. Mtoto aliyemzaa mwenyewe! Alikumbuka pengo la meno yake, pumu yake, kilio chake siku ya uwanja wa ndege; lakini jina, hapana. Hofu ilimwangusha magotini.

"Bwana, nimechoka," alisema. "Tangu Februari sijaongea na wewe. Sina maneno. Usimsahau kwa sababu yangu. Usimsahau..." Alilia mpaka kamasi zikamtoka. "Jacob. Jacob wangu."

Sauti ilinyamaza. Akaendelea peke yake, ovyo ovyo, bila mpangilio wowote, mpaka simu ilipoita. Alikuwa Jackie, mwenzake wa ushirika, msusi wa Darsait.

"Wilkister, saa yako imepita. Mbona hujatuma?"

"Jackie, wacha nikuambie ukweli. Tangu Februari nimekuwa nikituma rekodi ya zamani. Leo ndiyo nimeomba."

Jackie akanong'ona, "Mimi hutuma ile ya Krismasi. Wilkister, iko hapa saluni, nyuma ya pazia. Inaniuliza mamangu anaitwa nani."

"Iambie."

"Sijui!"

Wilkister alirudi magotini, simu sikioni.

"Usikate," alisema. "Sema nami: Bwana, nimechoka."