Gari Lisiloamkiwa

Enoch Tattersfield hakuwa na cheti cha uhandisi, hakuwa na baba tangu akiwa na miaka tisa, wala hakuwa na kiwanda, ila banda la farasi alilopanga pale Derby. Alichokuwa nacho ni injini aliyoibembeleza miaka mitatu hadi ikanyamaza kama mtoto aliyeshiba.

Mnunuzi wake wa kwanza, Bibi Mkubwa Wroxall, mwenye vijiji vitatu, alikuja kulirudisha gari lenye injini hiyo.

"Bwana Tattersfield, nilipopita na farasi, watu walisikia kwato wakatoka. Wanaume walivua kofia, wanawake walipiga goti. Sasa gari halisikiki, naona visogo vitupu! Jumapili nzima nimeamkiwa na mbuzi."

Quilliam, mshirika wa Enoch aliyeshughulikia mauzo, akamvuta Enoch pembeni. "Toboa eksozi, ndugu yangu. Tundu moja tu, gari lipige kelele."

"Heri nitoboe sikio langu!"

"Sikio lako halina mnunuzi. Huyu akilirudisha, mkoa mzima hautanunua. Eksozi za magari sita yaliyobaki nazitoboa kesho adhuhuri, usiponiandikia kwamba amelikubali."

Enoch akamsihi bibi wasafiri pamoja mara moja tu. Jethro, aliyekuwa mwendesha farasi wa bibi kabla ya kuwa dereva wake, akaliongoza gari hadi kijijini. Kwenye bomba la maji wanawake wawili walikuwa wamewapa mgongo, wala hawakusikia gari likija.

"Ile pudini ya Krismasi aliyotugawia Bibi Mkubwa," alisema mmoja, "mume wangu kaifanya kizuizi cha mlango usijifunge."

"Wewe una bahati. Kwetu panya kaionja, kahama nyumba."

Bibi Mkubwa akawa mwekundu kama nyanya. Jethro alikodolea macho usukani. Enoch aliona kazi ya miaka mitatu inazikwa bila hata sala, akanyanyua spana.

"Nisamehe, Bibi Mkubwa. Naitoboa eksozi sasa hivi."

"Keti, mwanamume wewe! Jethro, geuza. Polepole. Nataka kusikia walivyosema juu ya pudini ya mwaka juzi."

Walizunguka mara nne. Saa ya chai ilipofika, bibi alikuwa amejua nani anaiba kware wake, na kwamba kasisi huigiza mwendo wa bibi jikoni, fimbo mkononi. Hilo la kasisi alilicheka mpaka kofia ikamtoka.

"Miaka arobaini wananipigia magoti," alisema akijifuta machozi, "na hakuna aliyeniambia neno la maana. Gari silirudishi. Ila hiyo honi iondoe, ikilia itawakatiza mazungumzo."

Walipofika nyumbani kwa bibi, Enoch akaketi mezani, akaandika kwa mwandiko wake bora:

"Quilliam, weka chini keekee ya kutobolea. Amelikubali. Eksozi usiziguse hata kwa kitambaa. Tunaondoa honi tu. Sababu nitakueleza ana kwa ana, maana kasisi anahusika."

Akaikunja barua, akadondosha nta nyekundu, akaigandamiza kwa kidole gumba hadi kikaungua, akampa Jethro aiwahishe posta.