Safari ya Pili ya Boza

Injinia aliweza kuoga kwa lita moja na nusu, na hilo hakufundishwa chuoni. Kikombe cha kwanza uso na kwapa, cha pili miguu, kilichobaki mswaki. Maji ya miguu hayamwagwi. Yanakingwa kwenye beseni yakasukume choo. Ilikuwa siku ya tisa bomba la uani linakoroma na kutema hewa, na yeye, mpangaji wa chumba cha mwisho, ndiye mfanyakazi pekee wa mamlaka ya maji mtaa mzima.

"Injinia," mama mwenye nyumba alimwita, amekalia ndoo tupu. "Leo yatatoka?"

"Wanashughulikia pampu, mama."

"Wanashughulikia kina nani? Si ni nyinyi? Kweli mganga hajigangi. Mjukuu wangu anaharisha humo ndani, sina hata maji ya kumtawazia."

Alitia kitabu chake cha mafunzo kwenye begi, akaondoka.

Kitabu hicho ndicho kilichomkondesha. Mhandisi aliyetoka chuoni hujaza ukurasa mmoja kila mwezi, kueleza kazi aliyofanya, kisha msimamizi wake anasaini na kugonga muhuri. Bila saini hakuna usajili, na bila usajili mkataba wake ungekoma mwisho wa mwezi. Bodi ya wahandisi ilikuwa inafunga kupokea vitabu kesho. Baada ya hapo ni mpaka mwaka ujao. Kurasa kumi na nane zilikuwa zimejaa mwandiko wake mzuri, bila saini hata moja. Mwezi wa kwanza Bosi, msimamizi wake, alikuwa kikaoni. Mwezi wa tano hakuuona muhuri. Mwezi wa tisa alisema atasaini zote kwa mpigo. Danadana tu, mwaka mzima na nusu.

Leo Bosi alimpokea kwa tabasamu, na hilo likamtia wasiwasi.

"Binti yangu, mkaguzi wa mazingira anakuja saa sita kupima majitaka. Nenda kasimamie boza. Safari mbili. Ukimaliza lete kitabu, nasaini kurasa zote."

"Boza la nini, mzee?"

"La kujaza tangi la mwisho."

Alidhani hakusikia vizuri. Bosi akamfafanulia kwa upole. Mashine za kupuliza hewa kwenye mabwawa ziliungua mwaka juzi, vipuri havijaidhinishwa, kwa hiyo majitaka yanatoka karibu vilevile yalivyoingia. Mkaguzi huchota sampuli kwenye tangi la mwisho, kabla hayajamwagikia mtoni. Basi asubuhi ya ukaguzi lango la tangi hufungwa, yaliyomo yakapunguzwa, kisha yakaongezwa lita elfu ishirini za maji safi ya kunywa. Vipimo vinapita. Kila mwaka vinapita.

"Lakini mitaani hakuna maji, mzee. Siku ya tisa leo."

"Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname," Bosi alisema, akarudi kwenye simu yake.

Boza lilijazwa ndani ya uzio wa mtambo wa maji, kwenye bomba ambalo halijawahi kukauka. Dereva, mtu wa makamo mwenye kitambaa cha jasho shingoni, alimfungulia mlango.

"Hii ni mara yangu ya tatu," alimwambia walipokuwa njiani. "Mara ya kwanza nilikosa usingizi. Siku hizi nawasha redio."

Njia ya kwenda mabwawani ilipita mtaani kwake, na hapakuwa na nyingine. Lori la maji halijifichi. Kabla hawajafika kona, wanawake walikuwa wameshatoka na ndoo, madumu, masufuria, mwingine kakumbatia karai la kufulia. Walijipanga katikati ya barabara. Mbele yao alikuwa mama mwenye nyumba.

Injinia alishuka. Alikuwa na sentensi moja tu kichwani, na alijichukia kabla hata hajaitamka.

"Mama, maji haya si ya kunywa."

"Ya kufulia basi, mwanangu. Nina nepi za siku tatu."

"Yana dawa. Ni makali, yatawaunguza."

Alitegemea matusi. Angalau matusi angeyaweza. Mama mwenye nyumba alimtazama, kisha akawageukia wenzake. "Pisheni! Huyu ni msomi wa mambo haya, akisema yana dawa yana dawa. Ahsante kwa kutuambia, mwanangu. Wengine wangetuacha tuungue."

Walipisha. Dereva akaongeza sauti ya redio.

Mabwawani alishika mpira mwenyewe. Maji, lita elfu kumi, yaliingia kwenye tangi yakivuma, meupe kabisa, yakazama kwenye ile rangi nyeusi na kuigeuza ikawa ya chai. Alisimama hapo dakika ishirini akinusa uvundo na kuhesabu ndoo: lita ishirini kila moja, ndoo mia tano. Hesabu hiyo hakuna aliyemtuma aifanye. Simu ikalia.

"Bado moja," Bosi alisema. "Wahi."

Boza liliporudi na shehena ya pili, barabara ilikuwa wazi. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama pembeni na fimbo ya ufagio, anafukuza watoto waliosogea na vikopo. "Msiguse! Yana dawa! Injinia kasema!" Kwa mkono mwingine alikuwa amembeba mjukuu wake, kichwa kimelala begani, midomo imemkauka.

"Simama," Injinia alimwambia dereva.

"Una wazimu? Saa tano na nusu hii."

"Simama, kaka. Tafadhali."

Dereva aliangalia kioo cha pembeni, akaangalia saa, akavuta breki. "Mimi nimepata pancha," alisema. "Nakagua tairi. Sijaona kitu." Akazunguka upande wa pili wa lori na redio yake ya mfukoni.

Injinia alishuka. "Mama, nilikudanganya. Ni maji safi. Hayana dawa yoyote zaidi ya ile ya kawaida. Leta ndoo."

"Ulinidanganya? Na mtoto huyu unamjua?"

"Namjua."

"Na maji yalikuwa yanaenda wapi?"

Alimwambia. Mama yule alimwelekezea fimbo ya ufagio. "Wewe tutaongea," alisema, kisha akapaza sauti mpaka mwisho wa mtaa. "Ndoo! Leteni ndoo!"

Ilichukua nusu saa na kidogo. Hakuna aliyempongeza, na wawili walimsonya kabisa, wakiwa wanakinga. Aliona ni haki yao.

Mkaguzi alifika kwa wakati, suti ya kijivu, kisanduku cha chupa mkononi. Bosi alikuwa naye ukingoni mwa tangi. Walilitazama lile tangi la rangi ya chai. Boza likaingia likigongagonga, tupu, na Bosi alielewa mara moja. Injinia alisubiri mkaguzi achote. Alitaka achote. Kwa dakika moja alifikiri labda kitu fulani kitaandikwa mahali fulani, na vipuri vitanunuliwa.

Mkaguzi aliishika chupa, akainusa hewa, akaifunga kizibo ikiwa tupu.

"Naona leo hamko tayari, mkuu," alisema kwa adabu. "Nije Jumatano?"

"Jumatano itakuwa vizuri sana," Bosi alijibu.

Ofisini hakupiga kelele. Aliomba kitabu. Alizipita kurasa kumi na nane bila kuzitazama, akafika ule wa mwisho ulioandikwa *Maoni ya Msimamizi*, akaandika polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Muhuri ulikuwa mezani, ulikuwepo siku zote. Akasaini. Akagonga.

"Haya. Saini ulikuwa unaitafuta, umeipata. Kesho wapelekee bodi. Za mwezi kwa mwezi utazifuata mwakani, kwa msimamizi mwingine, kama utampata."

Injinia alisoma akiwa amesimama. *Mwanafunzi huyu hana nidhamu. Alichukua lita elfu kumi za maji safi zilizopangiwa tangi la majitaka, akagawia wananchi bila idhini.*

Aliisoma tena, polepole alipofika *zilizopangiwa tangi la majitaka*. Mwaka mmoja na nusu alikuwa amejaza kitabu hiki vikao, michoro, ziara za kukagua pampu ambazo hazikutengenezwa. Hapakuwa na ukurasa mwingine uliosema kuna mtu alipata maji. Machozi yalimlenga, akayazuia. Hakutaka Bosi ayafasiri vibaya.

"Umeridhika?" Bosi aliuliza.

"Muhuri haukukolea, mzee," alisema, akakirudisha kitabu mezani kikiwa wazi. "Tarehe haisomeki. Naomba ugonge tena."