Glasi Moja Kabla ya Zamu

Mzee Tanuri hakuwa mtu wa kubembelezwa ili aseme. Miaka thelathini alilisha makaa ya mawe matanuri ya kituo cha umeme. Sasa wakubwa walitaka kukifunga walete umeme wa jua, basi wafanyakazi wakamchagua yeye awatetee. Wangemchagua nani mwingine? Mdomo anao, na shida za watu mia mbili anazijua.

Asubuhi ile dada yake alimpigia pasi shati. Alikuwa mjane, mumewe alifanya kazi chini ya Mzee Tanuri hadi kifua kilipomuua mwaka uliopita.

"Kaka, leo usituangushe," alisema. "Mwanangu naye anakula hapo hapo kituoni."

"Wewe kaa mbele tu, uone kaka yako atakavyowatoa jasho hao wakubwa."

Na kweli aliwatoa. Bwalo la kituo lilijaa hadi madirishani.

"Hilo jua lenu likizama mtawasha nini? Mishumaa?"

Watu wakavunjika mbavu.

"Na hizo paneli za jua zinataka watu wangapi wa kuzipangusa? Watano? Haya, hawa wengine waende wapi?"

Hapo hakucheka mtu, maana lilikuwa swali la haki kabisa.

Kisha akasimama daktari, mwanamke mpole aliyeitwa kuzungumzia vumbi la makaa. Hakubishana. Aliuliza tu, "Mzee wangu, vumbi mlikuwa mnajikingaje?"

Angesema hajui, yangeishia hapo. Lakini sifa, jamani, sifa!

"Maziwa!" alijibu, kifua mbele. "Glasi moja kabla ya zamu, yanasafisha kila kitu. Hizo barakoa mlizotugawia zinamnyima mtu pumzi. Shemeji yangu siku ya kwanza alikuja nayo usoni, nikamvua mwenyewe mbele za watu, nikampa glasi yake. Hakuivaa tena!"

Bwalo zima likaangua kicheko. Daktari hakucheka.

"Maziwa yanaenda tumboni, mzee," alisema taratibu. "Kwenye mapafu hayafiki. Hata tone."

Jambo lenyewe hata mtoto wa shule analijua, na Mzee Tanuri pia alilijua, ila miaka yote hiyo hakuwahi kukaa chini akalifikiri. Alikumbuka shemeji yake akihema kwa shida kitandani, na yeye amekaa pembeni na kikombe cha maziwa, anamhimiza: kunywa, shemeji, kunywa. Akamtafuta dada yake kwa macho, akamkuta anamtazama.

"Nilimshonea barakoa nyingine, ya kitambaa laini," dada alisema, wala hakupaza sauti. "Akaikataa. Akaniambia, kaka yako atanicheka."

"Dada yangu..."

Hotuba iliishia hapo. Wafanyakazi walimpigia makofi hata hivyo, kwa sababu kazi ni kazi, na wengine walikuwa bado hawajaelewa kilichotokea. Yeye hakuyasikia. Alishuka jukwaani, akasimama katikati ya viti, mikono yote miwili ameinyoosha.

Dada yake alikuja na mkoba wake kwapani. Aliitazama ile mikono, kisha akasema kwa adabu, kama mtu anavyosema na asiyemjua:

"Samahani, mzee. Naomba nipite."

Akampisha.