Afunge Spea

Kikao kilifunguliwa saa kumi kasorobo, kibandani kwa baba, kati ya jeki na rundo la matairi. Waliohudhuria: baba, ambaye ndiye fundi pancha; mama, aliyekalia ndoo iliyopinduliwa; na mimi, mtuhumiwa. Ajenda ilikuwa moja. Chuo cha maigizo kilikuwa kimenipa nafasi, na fomu ilitaka sahihi ya mzazi kabla ya Ijumaa.

Sikwenda mikono mitupu. Bwenini wananiita Mheshimiwa, tangu nilipoigiza sauti ya mwalimu wa zamu gizani na bweni zima likapiga magoti. Wazazi wawili wangenishinda nini?

Nikawaeleza, kwa unyenyekevu wa kuazima, kwamba sanaa haina hakika, nami nalijua hilo. Ndiyo maana niliomba pia chuo cha umeme, nikapata. Jukwaa likinitema, nitavuta nyaya. Nikaitoa na fomu hiyo ya pili, iwe kizibiti. Nikasema ninavyopenda fyuzi. Sipendi fyuzi. Mabega ya mama yakashuka kwa mara ya kwanza tangu shule ifungwe, nikaona nashinda, nikaongeza chumvi.

"Hata gari, baba, halisafiri bila spea."

Baba alikuwa amezamisha mpira wa ndani kwenye karai la maji, akitafuta mapovu.

"Mtu akija hapa na tairi ambalo mwenyewe hana hakika nalo," akasema, "na spea anayo, nzima kabisa, unajua namwambia nini?"

Nilijua. Nimekulia kibanda hicho.

"Namwambia afunge spea, mwanangu. Afike salama."

Akafuta mikono, akatia sahihi fomu ya umeme. Ile nyingine akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia. Angeichana, walau ningepata la kununia.

Mama alikuwa keshampigia shangazi. "Wifi, kaamua mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha." Akanipa simu. Nikamwambia shangazi kwamba nimefurahi mno, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Shangazi akalia kwa shukrani. Sijawahi kuigiza vizuri namna ile, na sidhani kama nitaigiza tena.

"Njoo unishikie hapa panapovuja," baba akasema, akigeuka kutafuta gundi.

Nikazamisha mkono, nikabana kwa nguvu zangu zote. Mapovu yakaendelea kupita katikati ya vidole.