Ilikuwa ya Majaribio

Mjomba alimruka kimanga mpwa wake mbele ya muuguzi mkuu, tena kwa macho makavu.

"Aliyeitengeneza ni binti huyu," alisema. "Mimi nilimwamini tu. Si unajua mambo ya ndugu."

Alimwamini! Damu ilimchemka binti mpaka masikio yakamwaka moto. Programu ile ya wavuti, ya kuwapangia wagonjwa wa macho siku za upasuaji, aliijenga peke yake kwa fremuweki ya Java, kiunzi cha programu kilichokwisha tayarishwa, kwenye meza ya kona ofisini kwa mjomba, feni ikimpulizia vumbi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Fremuweki humpa mtu msingi na kuta, yeye akabaki kutia milango na madirisha. Ila kwa majaribio alikuwa ameacha majina yakae kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika seva, kompyuta inayoiendesha programu, ikizimwa. Hifadhidata ya kudumu angeiunganisha mwishoni, kama wafanyavyo wenzake wote.

Na alisema. Alisema mpaka akachoka. "Mjomba, bado. Ikizimwa tu, kila kitu kinafutika."

"Wewe naye kwa kulalamika! Mbona inafanya kazi? Naiona hapa." Akaipeleka hospitali, akapiga picha na wakubwa, akarudi kifua mbele.

Wauguzi wakaingiza wagonjwa wao wote, wakaacha kuandika kwa mkono. Jana umeme ulikatika. Uliporudi, programu ilifunguka vizuri kabisa, haina jina hata moja.

Sasa yeye ndiye atolewe kafara? Kisa mdogo, kisa ndugu? Thubutu!

"Mama, ile ilikuwa ya majaribio," alimwambia muuguzi. "Nilimkataza mjomba asiilete. Akaileta."

"Unanivunjia heshima mbele za watu?" mjomba aling'aka. "Mimi niliyekulea?"

"Ulinilea, nashukuru. Lakini kuna watu hapo nje wanataka kuona."

Muuguzi mkuu hakuwa na nafasi ya ugomvi wa ukoo. Alifungua mlango wa chumba cha kungojea. Mabenchi yalikuwa yamejaa.

"Kila mmoja anasema leo ndiyo siku yake," alisema. "Nimwamini nani? Daktari hawezi kuwamaliza wote hawa. Tunapanga upya, na watakaobaki ni mpaka mwezi ujao."

Kwenye benchi la nyuma alikaa mkaza mjomba, gauni limepigwa pasi, mkoba mapajani. Miezi mingi alikuwa akiingojea siku hii, akimiminiwa chai na watoto wake kwa sababu yeye birika halioni vizuri. Alisikia sauti ya mumewe, akageuza uso kuitafuta.

"Baba watoto, ni wewe? Afadhali umekuja. Wananiambia jina langu halimo." Alinyoosha mkono hewani. "Hebu waambie. Si uliniambia programu ni yako?"

Watu wa mabenchi yote waligeuka. Binti alimtazama mjomba wake, akangoja naye asikie jibu.